Mama alivyoishibisha gari yangu ya umeme Molo, ndipo nikajua sina breki

Wakuu, niaje. Hii imetoka jikoni sasa hivi, bado ina moshi. Yote nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe, na anayebisha aje Nakuru nimpeleke kwa fundi wa gari akasikie kwa masikio yake.

Mimi ni fundi wa kushona uniform za shule hapa town. Nilinunua gari ya umeme, used kutoka Japan, na nimejigamba nayo hadi majirani wamechoka. Haina oil ya kubadilisha, haina plug, haina kelele. Naipenda sana, sifichi.

Sasa Mama. Anakaa Molo, na macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Amefika mahali anamimina chai nje ya kikombe na kukukaribisha unywe. Tulipata siku ya operation hapa Nakuru, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kumteremsha.

Shida ni kwamba Mama anaogopa mteremko wa Sachangwan kuliko kisu cha daktari. Watu wa huku wanaelewa, pale magari mengi yameshindwa kusimama na watu wakafa. Nilimbembeleza mpaka akakubali.

Nikaenda kulala kwake. Kwa kawaida huwa sijazi betri, naachia asilimia themanini. Lakini mnajua kwa Mama, mgeni haondoki na nusu tumbo. Asubuhi nikakuta waya niliouchomoa ameurudisha.

"Iache ishibe," akaniambia. "Imetoka mbali."

Ikashiba mia kwa mia, na gunia la viazi kwa buti juu yake.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale hawajawahi kuendesha hizi gari. Ukikanyaga breki taratibu, kazi kubwa inafanywa na motor. Inajizuia yenyewe, na ile nguvu inarudi kwa betri kama chaji. Pad za breki zinapumzika tu. Lakini betri ikijaa pomoni, hiyo chaji haina pa kwenda, kwa hivyo motor inakuachia ujipange na breki za kawaida.

Na mimi breki za kawaida sikuwa nazo. Nilikuwa tu sijajua.

Tulipoanza kushuka nikakanyaga. Pedali ikaenda chini laini kabisa, kama godoro. Nikapump, nikapump tena, nikavuta handbrake polepole, gari ikaingia pembeni pale akina mama wanapanga ndoo za viazi. Ikasimama.

Mama hakupiga kelele. Alipapasa mlango, akatoka na mkoba wake, akaomba kiti kwa wale wauzaji.

"Shiru, nitafutie gari ya watu wengine inirudishe nyumbani. Macho yakikufa, yakufe mimi nikiwa hai."

Wakuu, nililia pale kando ya barabara bila aibu. Hospitali wakatupatia siku nyingine, wiki iliyofuata, na wakasema tukiikosa hiyo tutaanza foleni upya.

Breakdown, lile lori la kuvuta magari, ikabeba gari hadi kwa Kibe, fundi wangu. Si muda mrefu alikuwa amenibadilishia caliper za mbele, zile chuma zinazobana pad kwenye disc, kwa sababu moja ilikuwa imeshika na haiachilii. Tangu hapo pedali ilikuwa laini kidogo, lakini town nilikuwa nasimama vizuri. Nikajiambia ndivyo gari za umeme zilivyo. Kumbe motor ilikuwa inamfichia Kibe siri!

Kibe akatoa hewa kwenye mabomba ya breki, maana ikibaki ndani pedali hulegea, akaweka fluid mpya, yaani mafuta ya breki, akatoa hewa tena. Pedali bado godoro. Akaanza kusema master cylinder, ile pampu inayosukuma fluid ukikanyaga, imekufa. Nikamwambia ngoja kwanza, tusinunue kitu kwa kukisia.

Tukabana kwa klampu mipira ya breki, ile inayopeleka fluid kwa kila gurudumu. Tukabana yote minne, pedali ikawa ngumu. Basi master ni nzima! Tukaachilia ya nyuma, bado ngumu. Tukaachilia mmoja wa mbele, ikalegea. Nikaanza kuruka kama mtoto. Ugonjwa uko mbele!

Nikachuchumaa na tochi ya simu, nikaiona nipple, ile nati ndogo ya kutolea hewa.

"Kibe, hewa hupanda ama hushuka?"

"Hupanda."

"Na hii nipple mbona inaangalia chini?"

Kibe akazunguka upande ule mwingine, nayo pia inaangalia chini. Alikuwa amefunga caliper ya kushoto kulia, na ya kulia kushoto. Zinaingia bila shida, ndiyo maana hakushtuka. Lakini hewa ilikuwa inajikalia juu, na sisi tunamwaga fluid kwa chini.

"Madam, hapo ni mimi," akasema, akashika kichwa. Sikuwa hata na nguvu ya kumgombeza, nilikuwa na furaha mno.

Akazibadilisha, tukatoa hewa, nikakanyaga. Jiwe! Nikapiga kigelegele hadi wa car wash wakaja kuuliza nani ameolewa.

Hatukuishia hapo. Tulipanda na Kibe hadi Molo, tukaishibisha gari kabisa, tukashuka Sachangwan makusudi. Ikasimama kila nilipotaka.

Lakini Mama alikuwa na sharti lake: "Aliyeitengeneza apande pia."

Basi siku ya hospitali Kibe akakaa mbele, mikono kwa magoti. Waya niliuchomoa mapema, na Mama akalalamika kwamba gari inaondoka na njaa. Akafumba macho, akaanza kuomba.

Tulikuwa tumekaribia Nakuru aliponigusa bega.

"Shiru, tumefika Sachangwan?"

"Mama, tulipita kitambo."

Wakuu, somo langu ni hili. Pedali laini si tabia ya gari ya umeme, ni ugonjwa. Usipime breki town tu, motor itakudanganya. Na caliper zikibadilishwa, chungulia kama nipple inaangalia juu.

Nani mwingine amepatikana hivi? Mwageni hapa chini, nasoma zote. Mama naye bandeji zimetoka. Alizunguka gari yote akiitazama, ndiyo mara yake ya kwanza kuiona vizuri, kisha akaniuliza kama huwa naiosha.