Shingo Nene Haianguki

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, ghala la pamba la ushirika uliokufa pale Pasiansi, Mwanza, lilikodiwa na mfanyabiashara mmoja, akaweka ulingo wa ngumi. Kocha wa pale aliwatoa mabondia wake mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, miongoni mwa wapagazi waliobeba magunia ya dagaa kichwani tangu utotoni. Kabla ya pambano aliwapima shingo mbele ya watazamaji kwa futi ya fundi cherehani, akitangaza inchi kwa sauti. Mwenye shingo nene hakuvaa kofia ya kujikinga hata mazoezini. Ilikuwa aibu.

Kaka yangu alikuwa na shingo nene kuliko wote.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu siku alipopigwa ngumi ya pembeni ambayo hakuiona. Mikono ilimshuka, macho yakapotea, lakini hakuanguka. Watu wakashangilia kama kashinda vita.

Asubuhi yake alimwamkia mama, akanywa uji, akamwamkia tena.

"Marahaba, marahaba! Adabu yote hii, unataka kuoa?" Mama alicheka.

Aliposikia shikamoo ya tatu, aliacha kucheka.

Nikamfuata kocha. Nilimwamkia, maana malezi ni malezi, kisha nikamwambia kaka asipigane Jumapili.

"Kwani alianguka?"

"Hakuanguka."

"Basi hajaumia. Shingo ile ni nguzo."

"Nani amethibitisha hilo?"

"Mimi hapa, napima kila wiki! Msomi, wewe kinachokusumbua ni hiyo shingo yako kama mwiko."

Wapagazi waliokuwa wakiruka kamba wakacheka. Sikukataa kwamba shingo yenye nguvu huenda ikasaidia kichwa kisirushwe ovyo. Lakini misuli hukaza inapojua ngumi inakuja, na ile ilikuja bila taarifa. Na ubongo umo ndani ya fuvu, shingo haiushiki. Hakuna gunia la dagaa linaloufanyisha mazoezi. Watu wazima walikuwa wamechukua kifaa cha kupimia kola za mashati wakakigeuza hospitali!

Kaka hakunisikiliza. Jumapili akapimwa, inchi zikatangazwa, ghala likalipuka kwa shangwe. Nikapenya hadi kwenye kamba za ulingo, nikapaza sauti:

"Kaka, mara ya mwisho ulipigana na nani?"

Alinitazama, akamtazama kocha.

"Sijui."

Watu wakaangua kicheko. "Hata hamkumbuki! Kamdharau huyo!" Kocha akapiga makofi. Walidhani ni tambo.

Mimi niliyaona macho yake. Yalikuwa yanatafuta jibu. Nikapanda ulingoni, nikaanza kufungua kamba za glovu zake, naye akanipa mikono bila ubishi, kama mtoto anayenawishwa. Maganda ya machungwa yakanipiga mgongoni. Kocha alinitukania chuo changu na shingo yangu.

Tulipofika nje hasira ilimpanda kaka. Aliniambia nimemwaibisha mbele ya Mwanza nzima, na tangu hapo hakunisemesha. Sikumbembeleza. Alilala mchana, akalalamika kuumwa kichwa, kisha taratibu akarudia kuamkia kila mtu mara moja tu.

Siku ya kurudi chuo, mama alimwambia aniage.

"Huyu? Aliyenivua glovu mbele za watu Jumapili ile? Simuagi."

Mama alinitazama, akashusha pumzi. "Anakumbuka," alininong'oneza.

Nilipanda basi na hasira zangu. Pasiansi walikuwa wameshampata mpagazi mwingine, na watu walikuwa wakizisifu inchi zake.