Nyumba Iliyouzwa Mwenyewe Akiwa Ndani

Kitu cha kwanza nilichofanya siku ya kuhamia nyumba yetu wenyewe kilikuwa kupiga hodi.

Sivyo nilivyokuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kufungua mlango kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwa koti langu, nifagie chumba kwa chumba kabla kitu chochote hakijaingia, niwashe moto, nichemshe chai, halafu nibadilishe kitasa cha mlango wa mbele. Hilo la kitasa ndilo mume wangu alilolisisitiza. Alikinunua kipya mjini Nyeri, akakifunga kwa gazeti, akanipa pamoja na bisibisi. Yeye angebaki kazini, aje mwisho wa juma. "Usikae hata siku moja kabla hujakibadilisha," aliniambia. "Hujui nani ana ufunguo wa zamani." Nikamwona mtu mwangalifu.

Ilikuwa miaka ya sabini, na watu wa kwetu walikuwa bado wananunua nyumba na vipande vya mashamba ya wazungu waliokwenda zao. Mimi nilikuwa muuguzi hospitalini, mume wangu karani wa serikali. Tulikuwa tumekaa miaka saba katika vyumba viwili vya kukodi, choo kimoja na familia nne. Nyumba tuliyoipata ilikuwa nje kidogo ya Naro Moru, ya mbao za mtarakwa, ambayo mzungu mmoja alimjengea msimamizi wa shamba lake. Aliyetuuzia alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole. Mimi niliiona mara moja tu, tena kwa nje. Muuzaji alisema mke wake amekwenda kumwuguza dada yake, na asingependa wageni waingie ndani bila yeye kuwapo. Nikaiona hiyo ni adabu. Nikazunguka nyumba nikipapasa mbao kwa kiganja, nikaipenda. Iligharimu akiba yangu kama ilivyogharimu ya mume wangu.

Sasa lori limesimama langoni na dereva, mtu wa kutoka Magharibi, hajazima injini.

"Mama," akaniuliza, "hii nyumba iko na watu?"

"Haina watu."

"Na ile moshi ni ya nani?"

Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Jiko lilikuwa banda peke yake nyuma ya nyumba, nguzo na mabati. Nikazunguka nikapiga hodi. Akatoka mwanamke wa umri wa shangazi yangu mdogo, amevaa sweta ya kijani ya kufuma kwa mkono, ameshika kisu na kiazi alichokimenya nusu.

"Karibu, mwanangu. Umepotea njia?"

"Sijapotea, mama. Tumekuja kuhamia."

"Kuhamia wapi?"

"Hapa."

Akacheka. Hakunicheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeona mgeni amekosea lango na tayari anafikiria namna ya kumwelekeza. Akaniambia nyumba ya kukodi iko ng'ambo ya mto, yenye ua wa michongoma, na watu huikosa mara nyingi. Nikamtajia mtu aliyetuuzia. Kicheko kikaisha. Akachungulia kupita bega langu, akaona lori, na juu yake kitanda changu kimelazwa miguu juu.

"Huyo ni mume wangu," akasema polepole. "Hajaniambia kitu."

Nilikuwa na nakala ya makubaliano mkobani. Akaweka kiazi chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Hakusoma maneno. Alitafuta chini kabisa, kwenye sahihi. "Ni mkono wake," akasema. "Herufi ya kwanza huipinda kama ndoano."

Naona haya kusema, lakini hasira yangu ya kwanza ilikuwa juu yake. Nilimkasirikia kwa kuwa pale. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili kwa metroni aliyetoa ruhusa kana kwamba anakatwa kidole, nimetoka na ufagio mpya na furaha yangu, na huyu mama amekaa na viazi vyake ndani ya jiko langu. Laiti angelia, labda ningepata nguvu ya kumwambia aondoke. Hakulia. Alitazama upande wa mlima, ambako mvua ilikuwa inateremka nyeupe, akasema, "Waambie washushe. Godoro likilowa huku halikauki wiki mbili." Akaingia kwa mlango wa nyuma, akatufungulia mlango wa mbele kutoka ndani.

Tukapanga vitu vyangu katikati ya vitu vyake. Meza juu ya meza. Sufuria zangu chini ya picha ya binti yake aliyekuwa akisomea ualimu. Akawapa dereva na wapakiaji chai, akanipa na mimi, nikanywa nimekalia kiti chake. Lori lilipoondoka, akaniuliza swali moja.

"Bodi ya ardhi ilikaa?"

"Ilikaa, mama."

"Bodi huuliza kama mke amekubali shamba liuzwe. Nani alijibu?"

Siku ya bodi mimi nilikuwa zamu. Aliyekwenda ni mume wangu.

Asubuhi yake nilishuka Nyeri, nikaingia ofisini kwake bila kubisha. Wenzake wawili walikuwa wanakunywa chai. Waliponiona uso wakabeba vikombe vyao wakatoka.

"Nani alijibu kwenye bodi?"

Akainuka kufunga mlango. "Usipige kelele hapa."

"Nani alijibu?"

"Alikuja na mwanamke. Wakamuuliza kama amekubali, akasema amekubali."

"Mwanamke gani?"

"Yule wake wa Nanyuki. Yule mdogo."

"Na ulijua kuna mwingine ndani ya nyumba?"

Akaanza kupanga faili ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Aliniambia atamwondoa kabla hatujaingia. Hayo ni mambo ya boma lake. Sisi tumenunua nyumba, hatukununua kesi za watu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Kile kitasa nilikuwa nacho mkobani, bado kimefungwa kwa gazeti. Hapo ndipo nilipoelewa kilikuwa cha kazi gani. Mume wangu alikuwa anajua barabara nani ana ufunguo wa zamani. Alinituma mimi, mwanamke, nimfungie mwanamke mwenzangu nje, ili yeye akija mwisho wa juma akute mambo yamekwisha na mikono yake safi. Nikakitupa mezani, kikaangukia kichupa cha wino, wino ukamwagika juu ya faili zake zote.

"Nenda ukakitie mwenyewe," nikamwambia. "Umwangalie usoni ukikitia."

"Kwani wewe huitaki nyumba?" akaniuliza.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu niliitaka. Nilikuwa nimelala ndani yake usiku mmoja, nimesikia mvua juu ya bati na hakuna jirani anayekohoa nyuma ya ukuta, na niliitaka. Nikamuuliza jambo jingine badala ya kumjibu. "Na mimi, bodi iliuliza kama nimekubali?"

"Mke wa mnunuzi haulizwi," akasema. Alilisema kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mgeni mahali pa kupanga foleni. Hatimiliki ingetoka kwa jina lake peke yake. Hilo nalo nililijua siku hiyo.

Jumapili yule mama na mimi tulikwenda kanisani pamoja. Alivaa gauni la bluu na viatu vya kufunga. Mume wake alikuwa amehamia kanisa la Nanyuki, akipokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti. Tulifika ibada imeanza, tukasimama nje hadi ilipokwisha, na alipotoka akisalimiana na watu tukawa mbele yake.

Akamtazama mkewe, kisha mimi, kisha waumini waliokuwa nyuma yake. Akatabasamu. "Karibuni. Mama, tutaongea kando. Hayo ni mambo ya boma langu."

"Boma gani?" nikasema. Sikuwa nimepanga kupaza sauti. Miaka ya wodini imenifundisha kusema taratibu hata mtu anapokufa, lakini siku ile sauti ilitoka yenyewe. "Boma uliniuzia mimi! Ulimuuza na mama huyu akiwa jikoni anamenya viazi. Bodi ikauliza mkeo, ukawapelekea mwingine. Waambie hawa watu wa kanisa ni yupi uliyempeleka."

Nyuma yake, karibu na nguzo, alikuwa amesimama msichana mwenye mimba, labda wa miaka ishirini, akitazama viatu vyake. Nikajua ndiye. Nilikuwa nimemwandalia maneno yake pia, nikayameza.

Yule mama hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, "Ungeniambia tu. Ningekukatalia, lakini ungeniambia." Kisha akageuka tukaondoka kurudi Naro Moru.

Ningependa kuandika kwamba haki ilitendeka. Kanisa lilimvua uzee, ndiyo, kwa muda. Chifu alituita, akasikiliza pande zote, akasoma karatasi mara mbili, akasema zimekamilika. Aliyekosa ni muuzaji, lakini mwenye nyumba ni mume wangu, na mama anaweza kumshtaki mumewe akitaka, mahakamani, kwa nauli na wakili ambaye hakuwa naye. Nilikaa pale kwenye benchi la chifu nikiwa upande ulioshinda, nikatamani kulipindua lile benchi. Sheria yote ilinipendelea na hakuna aliyenitaja.

Nilisimama. Nikasema yule mama atakaa mpaka viazi vyake vikomae, na atavivuna vyote. Mume wangu akasema nyumba si yangu kutoa ruhusa. Nikamwambia basi alale humo peke yake. Mimi nitarudi Nyeri kwenye vyumba vya wauguzi, na aeleze ukoo wake wote sababu. Chifu akakohoa, akasema miezi mitatu ni muda wa kawaida.

Tukaishi hivyo miezi mitatu. Mume wangu alipita nyuma ya nyumba akiangalia mbele kama askari wa gwaride. Yule mama alihama vyumba vya ndani siku ile ile, kwa hiari yake, akalala jikoni, na kila nilipomwomba arudi ndani alisema kuna joto zaidi kule. Alinionyesha mfereji wa maji unapoziba, dirisha linalopigwa na upepo wa mlima mwezi wa saba, ubao wa sakafu unaotaka kubadilishwa. Mambo ambayo mwenye nyumba humwonyesha anayeingia. Sikuweza kumshukuru vizuri. Kila aliponionyesha kitu nilipandwa na hasira upya.

Baada ya mavuno yule mama akaleta kaka zake wawili kutoka Kangema, na nyundo. Wakapanda juu ya jiko, wakaanza kung'oa mabati. Alilijenga mwenyewe, kwa fedha za pareto aliyochuma miaka mitatu. Mumewe hakuweka hata msumari. Mume wangu akatoka mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Huo ni wizi! Jiko limo kwenye makubaliano! Naita polisi!"

"Ita," nikamwambia. Nikaenda nikafungua lango lote, pande mbili, nikasimama hapo nikilishika kwa sababu upepo ulikuwa unalirudisha. Walibeba bati kwa bati, nguzo kwa nguzo, hadi misumari waliyoinyoosha kwa jiwe. Yalibaki majivu na mawe matatu meusi. Yule mama alipita wa mwisho na mlango wa jiko kichwani. Akasimama mbele yangu, akarekebisha mzigo, akaenda.

Nilipika nje juani na mvuani mpaka tukajenga jiko jingine, na sikulalamika hata mara moja, kwa sababu nilijua mume wangu angelifurahia lalamiko hilo.

Jina langu liliingia kwenye hatimiliki mwaka uliofuata. Sikuomba kwa machozi. Nilimwambia mume wangu nitahesabiwa mpangaji au mwenye nyumba, achague, na kama ni mpangaji nitakwenda kupanga kwingine. Karani wa ardhi alimuuliza mume wangu, si mimi, kama mama anajua anachotia sahihi. Nilimjibu mimi. Mume wangu aliliona tusi mpaka uzee wake. Tuliishi vizuri katika mambo mengine, tukalea watoto wanne mle ndani, lakini hilo hatukupatana, na sikujaribu kupatana.

Yule mama alipata kiwanja kidogo karibu na barabara, binti yake alipoanza kufundisha. Aliuza maharagwe na viazi sokoni Naro Moru siku za soko. Nilinunua kwake. Hakunipunguzia bei wala hakunizidishia, na hakukanyaga tena kwangu, ingawa nilimkaribisha mara nyingi. Siku moja, akinipimia maharagwe, aliuliza bila kuinua kichwa, "Jina lako limo?"

"Limo, mama."

"Kila mwaka uende uliangalie," akasema, akaongeza kiganja kimoja juu ya kipimo, akamgeukia mteja mwingine.