Mzee Aliyeuliza Kama Amekufa

Mwanangu, iko siku moja ambayo naikumbuka kuanzia harufu yake: maji ya moto na sabuni ya limau. Nilikuwa katika nchi ya baridi, mbali sana na Sindeni nilikozaliwa. Mtu niliyekuwa namwosha alifumbua macho ghafla akanikamata mkono. Miaka imepita, lakini nikinusa sabuni ya aina ile dukani Korogwe, moyo bado hunidunda. Nakuandikia wewe unayekaribia kuvua magwanda, mwenye ndugu anayekuita ng'ambo.

Nilikuwa koplo. Nilitumikia mkataba wangu mpaka mwisho, nikatoka jeshini bila doa. Mke wangu Mwanaidi, mtu wa Old Korogwe, ni muuguzi. Alipata kazi huko nje, nikamfuata pamoja na binti yetu Zuhura, aliyekuwa bado mdogo. Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa na sharti moja. Kama nisingepata kazi kabla ya majira ya baridi kwisha, isingeongezwa. Mwanaidi angebaki na mtoto, mimi ningerudi Sindeni peke yangu, niwe baba wa kwenye simu.

Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe. Mimi nilijiona tausi. Kila nilipoitwa kwenye usaili nilisimama wima, kifua mbele, nikataja cheo changu na kikosi changu. Wale watu wakatazamana. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Sawa, lakini unajua kufanya nini?" Nikajibu kwamba najua kutii amri. Akanishukuru, akanifungulia mlango. Hata ulinzi, kazi niliyoitegemea, ulitaka kibali ambacho askari wa jeshi la kigeni hakukipata kwa urahisi.

Jioni moja Mwanaidi alinikuta napiga pasi suruali ileile ya usaili.

"Baba Zuhura," akasema, "huku hakuna anayelipigia bega lako saluti. Toa bunduki. Mikono yako inajua nini?"

"Kulima."

"Theluji hii utailima?"

"Basi kuosha maiti," nikasema kwa hasira.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Kuosha mtu unajua, basi. Kesho nitazungumza na watu."

Hapa lazima nikueleze jambo. Baba yangu ndiye aliyeitwa kila mwanamume alipofariki pale kwetu. Nilipoota ndevu alianza kunichukua nimsaidie, na jeshini pia niliwaosha wenzangu waliotangulia. Masharti yake yalikuwa machache. Funika kutoka kitovuni hadi magotini. Anza kulia. Mkono uwe laini kama wa kumwogesha mtoto. Na mdomo ufungwe, kwa sababu mwosha hana mdomo. Alichokiona hakisemi, na anapoosha hapigi soga. Baba alipomaliza, akikausha mikono, alilirudia neno la wahenga: mwosha huoshwa.

Mwanaidi alinipeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanangu, nilikuwa nimeona mengi, lakini korido ile ilinishtua. Kila mlango mzee mmoja, peke yake, redio inaongea naye. Nilimuuliza msimamizi, mama mmoja aitwaye Marta, "Hawa wote wamefiwa na watoto wao?"

"Hapana," akasema. "Watoto huja Jumapili."

Akaniambia kwamba siku hiyo ananijaribu, na kwamba ndiye atakayeamua. Ningemwogesha Bwana Hendrik, aliyekuwa dereva wa treni, ambaye miguu yake haikufanya kazi tena. "Hapendi mtu," Marta alionya. "Juzi alimmwagia mwenzetu beseni zima."

Walimlaza kwenye kitanda cha mpira chenye tundu la kutolea maji. Akafumba macho, akageuzia uso ukutani. Marta akaketi pembeni. Nami nikasimama pale nikiogopa kumgusa, mimi niliyezoea milio ya risasi. Maisha yangu yote sikuwa nimegusa mwili mtupu wa mzee aliye hai. Kwetu hilo hufanywa na mkewe, au mjukuu, si mgeni aliyevaa aproni. Niliwajua wazee wa namna moja tu waliolala mbele yangu hivyo, kimya, wakisubiri maji.

Mikono ikaanza yenyewe. Niliomba taulo la pili nikamfunika kutoka kitovuni hadi magotini. Nikaanza mkono wa kulia. Nikamwaga maji taratibu, nikarudia, nikarudia tena. Nikalikanda tumbo polepole. Sikusema neno. Povu lilipoteremka kuelekea machoni, nilipitisha kiganja usoni kwake, kutoka kwenye paji kushuka, nikayabana macho yake yafumbike vizuri. Kisha, Mungu anisamehe, nikauchukua mkono wake wa kulia nikauweka kifuani juu ya wa kushoto.

Hapo ndipo aliponikamata.

"Kwani nimekufa?"

Marta alisimama mpaka kiti kikaanguka. Nilikitazama nilichokuwa nimekifanya, hatua kwa hatua. Akilini nilimwona Zuhura uwanja wa ndege akinipungia mkono. Ningeweza kudanganya, lugha yao ilikuwa ngumu kwangu, na uongo ungejificha humo. Nikamwambia kweli. Nikasema kwetu nilifundishwa kuosha wafu, na walio hai sijawahi.

"Kwa hiyo ulikuwa unanizika."

"Nilikuwa nakuheshimu, mzee."

Kifua chake kikaanza kutikisika, nikadhani amepatwa na kifafa. Alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Sikiliza. Hawa wengine huniosha kama sufuria. Wewe umeniosha kama maiti. Afadhali maiti, angalau umenifunika. Lakini mimi bado sijanywa kahawa yangu ya asubuhi! Nioshe kama mtu. Ongea."

"Niongee nini?"

"Lolote. Kwenu mnalima nini?"

"Mahindi. Lakini nyani wanatusumbua sana."

"Wewe si mwanajeshi? Jeshi zima, nyani wanawashinda?"

"Nyani hawatii amri, mzee."

Akacheka tena, akanipa mkono wa kushoto mwenyewe niuoshe. Nikamsimulia jinsi dume moja la nyani lilivyomvua shangazi kilemba shambani, na yeye akanisimulia ng'ombe aliyesimamisha treni yake na kukataa kuondoka. Maji yakapoa, hakuna aliyejali.

Nje, Marta aliegemea mlango. "Umenitisha," akasema. "Sijui nikuandikie nini." Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani: "Kesho mniletee huyohuyo mchimba kaburi!"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilipomweleza Mwanaidi, alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akaushika mkono wangu wa kulia.

Miaka ilipopita tulirudi nyumbani, na nikamkuta baba hajiwezi tena, ni wa kitandani tu. Nilimchukua mwenyewe nikampeleka bafu la nyuma ya nyumba, nikamketisha kwenye kigoda. Akafumba macho. Nikaanza kumwaga maji, nikaanza na kusimulia.

"Mbona kelele?" akasema. "Nilikufundisha nini? Mwosha hana mdomo."

"Samahani, baba. Wewe bado hujawa maiti."

Maji yalimtiririka mgongoni. "Basi simulia," akasema mwishowe, na tangu hapo kila asubuhi aliniita mwenyewe: maji yamechemka, njoo na hadithi. Alinisimulia naye mambo ambayo hakuwahi kuyasema, hata hofu yake ya usiku ule wa kwanza alipoosha mtu. Siku yake ilipofika, nilimwosha kimya kama alivyonifundisha. Ukimya ule haukuniumiza, kwa kuwa hatukuwa tumebakiza neno.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukivua magwanda, cheo kinabaki kwenye msumari ulikoyatundika. Usikipeleke mlangoni kwa mtu. Peleka kile mikono yako inachokijua, hata kama ulijifunza kwa baba yako, mahali pasipo na cheti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama mbele ya mzee si kushushwa. Lakini ujuzi wako ukifika ugenini, uulize kwanza uko mbele ya nani. Mimi nilikuwa na mikono sahihi na kimya kisicho mahali pake, na nusura kimya hicho kinitenge na mtoto wangu. Ukikosea, sema kweli upesi. Na baba yako akiwa bado anasikia, usimwekee maneno ya kumwambia kaburini.

Mungu akupe kazi yenye heshima popote utakapotua, akupe mkono laini na ulimi wenye habari njema. Na siku yako ya kuoshwa itakapofika, ambayo Mungu aicheleweshe sana, akuoshe mtu ambaye mmekwisha kusimuliana yote.