Namba ya Kando ya Mizani

Mimi ni mbishi tangu utotoni, na sioni haya kusema. Nilipokuwa kidato cha nne katika shule ya bweni kule Nkubu, ubishi wangu mkubwa ulikuwa na kaka yangu, muuza nyama wa Maua aliyenilipia karo tangu baba afariki. Nilitaka kusomea hisabati chuo kikuu. Yeye alitaka nisomee uhasibu, maana hakuwahi kuona mtu akishiba namba tupu. Mwishowe tukaafikiana: shule yetu ikishinda shindano la hisabati Embu, nifuate moyo wangu; ikishindwa, nisimtajie tena habari hizo.

Tulifika fainali, watatu sisi na watatu wao, tukawa sare hadi swali la mwisho. Tuliambiwa tuzidishe namba tasa saba za kwanza, kuanzia mbili hadi kumi na saba, kisha tuongeze moja. Je, jibu nalo ni namba tasa, yaani haligawanyiki ila kwa moja na kwa lenyewe?

Kuzidisha kulitupa 510510. Ukiongeza moja, 510511. Ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile saba, inabaki moja. Wapinzani wetu walipoona hivyo waliandika "ndiyo" upesi, wakakunja mikono. Kapteni wetu naye akashika chaki.

"Remainder ni one kila mara," akaninong'oneza. "Hiyo ni prime. Wacha ubishi."

"Tumejaribu mpaka seventeen tu," nikamwambia. "Nani amesema zinaishia hapo?"

Nikamnyang'anya chaki mbele ya watu wote. Damu ilikuwa imenichemka, na uhasibu niliuona umekaa mlangoni ukinisubiri. Namba tasa inayofuata ni kumi na tisa, basi nikaanza kugawanya pale pale ubaoni huku mwamuzi akitazama saa. Ilibaki kumi na tatu, kisha kumi na sita, kumi na tatu tena, kumi na saba. Nikashusha tarakimu ya mwisho, ikawa mia moja sabini na moja. Kumi na tisa mara tisa. Hakikubaki kitu.

Nilifurahi hata nikasahau kuandika jibu. Kapteni ndiye aliyeandika "hapana", kwa herufi kubwa. Tuliibuka kidedea, na njiani kurudi tukamalizia kuivunja namba yetu: kumi na tisa mara tisini na saba mara mia mbili sabini na saba. Tuliiimba mpaka sauti zikatukauka.

Sasa niko mwaka wa pili chuoni, nasoma hisabati. Kaka alipaka 510511 kwa rangi nyekundu ukutani, kando ya mizani ya buchari. Kwa kuwa inafanana na namba ya till, wateja wageni hutoa simu wakaanza kuibonyeza.

"Usitume," huwaambia, kisu mkononi. "Hiyo si ya kulipia. Hiyo ni ya dada yangu."