Jinsi Nilivyopanga Vyumba Mikumi

Nilijiona mjanja. Kamati ya chama chetu cha wauguzi na wakunga ilinikabidhi mkutano mzima: nitafute mahali, nipange vyumba, nipange nani aongee saa ngapi. Nikapata nyumba ya mafungo pale Mikumi, tulivu, ina ukumbi mzuri, na kila vyumba viwili vinatumia bafu moja. Watu nikawapanga kwa herufi za majina yao. Herufi hazina upendeleo, nikajisemea, nikalala usingizi wangu vizuri.

Msemaji niliyemtegemea alikuwa mkunga wa Zombo, mama mtu mzima aliyebakiza miezi michache kustaafu. Miaka yote ya kazi hakuwahi kusimama mbele ya wenzake. Safari hii alikuwa aeleze jinsi alivyomwokoa mzazi aliyetoka damu nyingi wakati mvua imekata barabara. Alinipigia simu mara tatu kuuliza kama dakika ishirini zitamtosha. Alilitaka jambo hili, na nafasi nyingine asingeipata.

Siku ya kwanza, hata mizigo haijafunguliwa, akanijia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba unibadilishie chumba."

"Kuna shida gani?"

"Shida hakuna. We nibadilishie tu."

Nikambadilishia. Muda si mrefu akaja muuguzi kijana wa Mabwerebwere, ambaye nilimpa uenyekiti wa kikao cha kesho yake, kilekile atakachoongea mama. Naye ana ombi: uenyekiti apewe mwingine. Kwa nini? "Basi tu, dada." Basi tu! Ratiba nimeshaichapisha, nakala nimeshagawa, halafu mtu na akili zake ananiambia basi tu. Nikamwambia haiwezekani.

Mchana mama hakuja kula. Jioni vilevile. Nikambebea sahani, nikamkuta kaketi kitandani na karatasi za hotuba yake. Alishukuru, akala, kisha akasema kesho hataongea. Nikapandwa na hasira. "Mama, mbona mnanichanganya hivi? Kama mna ugomvi na yule kijana, semeni!" Nilimfokea mtu anayemzidi umri mama yangu mzazi. Alizikunja karatasi zake polepole akaziweka kwenye mkoba.

Asubuhi ukumbi umejaa, mwenyekiti hayupo, msemaji hayupo. Nikakimbilia jikoni, labda wako kwenye chai. Mpishi, mwenyeji wa hukuhuku anayezifahamu familia zao, akanishangaa.

"Dada, yule mama si mama mkwe wa yule kijana? Kijana kamwoa binti yake mkubwa. Wewe umewaweka bafu moja, ukawakalisha meza moja, halafu mkwe ndiye amkaribishe aeleze mambo ya uzazi? Huku kwetu mtu na mama mkwe wake hata njiani wanapishana kwa mbali."

"Sasa mbona hawakuniambia?"

"Wakwambie nini? Kulitaja tu ni aibu. Nimewaona alfajiri wakitoka na mabegi, kila mmoja kivyake."

Loo! Aibu ikanishika mimi. Nikapanda bodaboda hadi stendi.

Nusura nicheke. Mama kakaa upande huu wa barabara, khanga kichwani, uso kauelekeza kwenye ukuta wa duka. Mkwe yuko ng'ambo, kajibanza nyuma ya banda la chipsi. Kila mmoja alitoroka kimyakimya ili mwenzake abaki mkutanoni. Na wote wanasubiri gari la Kilosa, na hakuna awezaye kupanda alimopanda mwenzake.

Nikawa mjumbe. Kijana akasema, "Mwambie mama arudi, mimi naondoka." Nikavuka, malori yananipigia honi. Mama akasema, "Mwambie abaki yeye, kazi yake ndiyo kwanza inaanza." Nikavuka tena. Nikavuka tena. Mara ya nne nikafoka, "Jamani, mnataka nigongwe?"

Kijana akavua beji ya mkutano akanikabidhi. Macho yake yalikuwa chini. "Mwambie namwomba sana akaongee. Mimi na watoto wangu tunamwomba." Gari lilipofika, akapanda.

Watoto wanaingiaje hapo? Sikuelewa kitu. Nilifikisha maneno kama nilivyopewa. Mama alijifuta macho kwa khanga, kisha akaniambia niite bodaboda.

Kikao nilikiongoza mwenyewe. Alisimama, na karatasi hakuzitoa. Alisimulia mvua, na pikipiki moja iliyobeba watu watatu: dereva mbele, mgonjwa katikati, yeye nyuma, kamkumbatia na kulikanda tumbo lake njia nzima ili kizazi kijikaze, damu ipungue. Kila waliponasa kwenye tope, dereva alishuka kusukuma, na yeye mkono hakuutoa.

Muuguzi mmoja akauliza kama mgonjwa aliweza kusema lolote njiani.

"Alisema akifa nimlelee watoto, baba yao yuko kazini Mabwerebwere. Nikamwambia nyamaza, utawalea mwenyewe na mumeo." Akajitanda khanga vizuri. "Ni binti yangu yule. Yule mkubwa."