Nilivyoogelea Kwenda Changuu Nikafika Forodhani

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka arobaini. Tajiri wangu alihama na kazi ikahama naye, nikaanza upya kwa kusukuma gari la mkono bandarini. Miaka sita baadaye wachukuzi tukataka kiongozi, na tuliokitaka cheo tulikuwa wawili: mimi na Haji, kipara mwenzangu. Tukakubaliana tuogelee kutoka Forodhani hadi kisiwa cha Changuu. Atakayefika kwanza ndiye mkubwa.

Haji akaenda kuwauliza wavuvi habari za maji. Wakamwambia asubiri kwanza.

Nikamcheka. "Mtu aliyezaliwa Malindi aulize bahari inakwendaje? Subiri wewe!"

Nikajitosa peke yangu, tumbo mbele. Kabla ya nusu ya safari pumzi zikaniisha. Nikalala chali, nikafumba macho kwa ukali wa jua, nikawa napiga miguu tu. Kumbe maji yamegeuka, mkondo unanirudisha. Mimi naona raha, nnakwenda kama samaki!

Kisogo kikagusa mchanga. Nikasimama, nikanyanyua mikono juu, nikapiga kelele: "Nshafika! Haji yuko wapi? Niamkieni mkubwa wenu!"

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, Bi Mwanaidi, kutoka ukutani Forodhani:

"Umesahau nini, mume wangu?"

Haji alisubiri maji yageuke tena, akafika Changuu, akawa mkubwa wangu.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Mwanakwerekwe, magari manne ya mkono, baiskeli moja na mbuzi saba. Cheo sina.