Mwaka Niliotakiwa Kuwahesabu Punda wa Naishiye

Safari yangu ya kwanza ya kazi nilibeba gunia la chumvi kichwani kutoka Moshi mpaka Arusha. Nilipolitua mbele ya duka la Mhindi, karibu na Boma la Wajerumani, shingo ilikuwa imezama mabegani kama ya kobe. Mhindi akalipima, akasema limepungua. Nikamwambia limelowa jasho njiani. Akiitaka chumvi iliyobaki, na anilambe mgongo. Akacheka, akanipa mzigo mwingine. Nayasema haya mapema, vijana, ili mjue mnaongea na nani. Mimi sikusoma. Nilikaa kwa wamisheni msimu mmoja wa mvua, nikajua herufi za jina langu, nikaondoka. Nilichonacho nimekipata kwa miguu yangu.

Kichwa cha mtu hakitajirishi mtu. Nilipomwoa Naishiye, binti wa Kisongo, alikuja na punda jike aliyepewa na baba yake, na yule punda akazaa, na watoto wake wakazaa. Sasa sikilizeni, maana ninyi mmezaliwa zama za malori. Kwetu Waarusha punda ni mali ya mama. Mwanamume ana ng'ombe. Punda huchota maji na kubeba mahindi, na mwanamume akionekana anaswaga punda, wazee humuuliza kama ameolewa. Mimi nilimwomba Naishiye anipe punda wake nifanyie uchukuzi. Wazee waliuliza. Sikuwajibu, nilikuwa na haraka.

Nikashona shogi, yaani mifuko miwili ya ngozi inayoning'inia ubavuni mwa punda. Lazima ilingane uzito. Upande mmoja ukizidi, punda hulala mtoni Sanya na nguo za watu. Nilimchukulia Mhindi chumvi, nikamchukulia Mgiriki mmoja mbegu za shamba lake chini ya Meru, mwisho nikafika kwa Msimamizi wa Bohari pale Boma, Mjerumani mnene aliyenusa kila gunia kabla ya kulipokea. Huyo alinifunza kufika siku niliyosema nitafika. Sijawahi kumshukuru, na sianzi leo.

Kodi ya nyumba tulikwisha kuizoea: kila nyumba ya mke ina kodi yake, unalipa kwa rupia au unakwenda kuchimba barabara. Kisha akaja Bwana Shauri mpya. Bwana Shauri ndiye aliyekuwa mkuu wa wilaya, kodi yake na hukumu yake zilitoka mdomo mmoja. Akaamuru kila mwenye biashara aje mwenyewe aseme mwaka mzima amepata nini, ametumia nini, na ana wanyama wangapi wa kazi.

Mwenyewe. Neno hilo liliniondolea usingizi. Mtu akinikadiria kodi nitamlaani nimlipe, basi. Lakini kujikadiria? Nilitafuta kibuyu, kila nikilipwa nikatia punje ya mahindi, kila nikitumia nikatia kijiwe. Nilijiona mjanja. Siku ya kukimwaga kibuyu nikakuta panya wamekula mapato yote, wameniachia gharama. Nikajaribu kukumbuka safari moja moja, nikifika mvua za masika nachanganya, naanza upya, natoka nje, narudi. Naishiye akasema, "Keti. Unanichafulia nyumba kwa vumbi la miguu."

Na punda je? Kwetu mnyama hahesabiwi kwa namba. Ukihesabu unaita fisi. Jioni mtu anawatazama wakiingia, anajua nani hayupo kwa rangi yake na mwendo wake. Karani wa Kodi, kijana wa Tanga mwenye kanzu safi, aliponiuliza ni wangapi, nikamjibu, "Wanatosha."

Akainua kalamu. "Wanatosha ni namba gani, Mwarusha? Niandike kwa rupia au kwa maziwa?"

Watu wakacheka. Akaniambia nirudi kabla ya mvua na jibu la kueleweka. Nisiporudi nalo, punda watachukuliwa kubebea mawe ya barabara, na mimi nitakula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Viboko ningevimeza. Lakini punda waliokwenda kwenye mawe ya Boma walikuwa hawarudi, au walirudi migongo imeoza. Na hawakuwa wangu.

Nilimweleza Naishiye. Hakulia wala hakunilaumu. Siku ilipofika akawatanguliza punda wake wote bila shogi, wakapita Kijenge wakila majani ya watu, mpaka mbele ya Boma jeupe. Wanaume walijaa pale wakingoja zamu zao, na wale wazee wangu walikuwamo. Bwana Shauri akatoka barazani, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata ni wa nani.

Naishiye akasema kwa Kimaa, lugha yetu, mimi nikatafsiri. "Ni wangu. Mama yao nilipewa na baba yangu, hawa wamezaliwa mlangoni kwangu. Mwenye macho awahesabu, mimi siwahesabu."

Bwana Shauri akanigeukia. "Na wewe nani?"

Kodi ile ilimhusu mwanamume mwenye biashara. Nikisema mimi ndiye mwenye biashara, nitadaiwa hesabu nisiyo nayo, na punda wanakwenda. Njia ilikuwa moja, na wazee walikuwa wanasikiliza.

"Mimi ni kibarua wake," nikasema.

Karani wa Kodi akaangusha kalamu kwa kicheko. Hata yule mnene wa Bohari alitikisika tumbo. Bwana Shauri hakucheka. Alimtazama mwanamke, akawatazama punda, akasema kibarua atalipa kodi ya nyumba tu, na waondolewe haraka, wanachafua ua. Tukaondoka. Tulipovuka mto Naishiye akaniambia, "Kesho uanze mapema, kibarua."

Jina likanishika. Sokoni, Kisongo, mpaka Moshi: Kibarua wa Naishiye. Nimepigana kwa ajili ya jina hilo, na mara nyingine nimeliacha lipite. Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja, malori yakaja, punda wa mwisho akafa kwa uzee. Naishiye naye akaondoka.

Wanasema nimestaafu, nipumzike. Sijui kupumzika. Asubuhi bado natoka mpaka Daraja Mbili mikono mitupu, narudi, natoka tena. Majuzi wameniita ofisini kwa mambo ya kodi ya sasa, nijieleze mwenyewe, kama zamani. Kijana wa pale ana adabu, ameniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza mwajiri wangu alikuwa nani. Nikamwambia: Naishiye. Akaandika. Akauliza kama bado yupo.

"Amefariki," nikamjibu. "Lakini hajanifukuza kazi."